Rangi Nyekundu ya Sylvesta

Mume wangu Sylvesta Tluway alikuwa fundi umeme wa magari pale Karatu, na alikuwa mtu wa kuudhi. Nalisema hili mimi mkewe, Germana, niliyempikia loshoro ya mahindi na maziwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo asinisahihishe mtu. Siku ya msiba wake walimsifu mpaka nikadhani nimekaa kwenye msiba wa mtu mwingine. Eti marehemu alikuwa mpole. Huyo mpole, dereva akiingia uani kwetu, alikuwa anatema mate kwanza ndipo aitikie salamu.

Alizaliwa Qurus, kwenye shamba la mahindi na ng'ombe wanne, akakimbilia Arusha ujanani akajifunza umeme kwenye gereji ya Mhindi mmoja. Chuki yake ilianzia huko. Dereva fulani alijiunganishia redio kwenye waya alizofunga Sylvesta, gari likaungua, dereva akaapa kwamba ni kazi ya fundi. Mhindi hakuuliza mara mbili. Sylvesta akarudi nyumbani na mkoba wa spana, na tangu siku hiyo madereva wote wakawa kwake mtu mmoja.

Ndipo alipoanza mambo ya rangi. Alikuwa na kikopo cha rangi nyekundu ya mafuta na brashi aliyoitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe. Akishakaza bolti au kuunga waya, alipaka rangi juu yake. Mtu akija kufungua, rangi inapasuka, na yeye anajua. Lori likirudi na ubovu, hakugusa kitu mpaka achungulie kwanza. Akikuta rangi imepasuka, alikuwa anamtukana dereva na ukoo wake. Akikuta ni nzima, alikuwa anasema, "Kazi yangu ni nzima, tafuta kwingine." Na nikubali ukweli, mara nyingi alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomharibu.

Sasa sikiliza. Mwaka themanini na nne petroli ilikuwa shida. Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, na vipuri ulikuwa ukivisikia tu kwa jina. Sylvesta hakutupa kitu. Bolti, nati, na washa, vile visahani vyenye tundu vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti, alivivua kwenye magari mabovu na kuvitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ili vitumike tena.

Huko juu, ukingoni mwa kreta, kulikuwa na hoteli moja ya wageni, na meneja wake aliitwa Bwana Eliamani. Mgeni mmoja wa Ulaya alimletea zawadi ya kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, cha kubana matumizi ya petroli. Sylvesta alinieleza siku nzima mpaka nikakijua kama chungu changu. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa linateremka, kisanduku kinafunga njia ya petroli kwenye kabureta. Mwendo wa injini ukishuka, kinafungua tena kabla haijazima. Kilikuwa na waya nne tu. Mmoja wa kuleta umeme kutoka kwenye swichi, mmoja wa kusoma mwendo wa injini, mmoja wa kwenda kwenye kabureta, na wa nne ni wa ethi, yaani wa kuurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Akakifunga kwenye Land Rover ya hoteli kwa siku mbili, akapaka rangi yake kila mahali, akafurahi kama kaoa mke wa pili.

Dereva wa Land Rover hiyo alikuwa Thadei, mtu wa Rombo, nadhifu, shati lake limenyooshwa hata siku ya vumbi. Alipanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkewe Margareth, tuliyemwita Mama Bertha, tuliimba naye kwaya na tulichota maji pamoja. Mimi nikiwa mgonjwa, yeye ndiye aliyenikamulia ng'ombe. Mumewe na mume wangu hawakupendana, lakini sisi wanawake tulikuwa tunawacheka.

Wiki ya kwanza kisanduku kilifanya kazi. Wiki ya pili Thadei akaja uani akiwa amefura. Gari lilikuwa limemzimikia katikati ya mteremko wa Manyara, kabla ya kufika Mto wa Mbu, na wageni sita ndani. Gari lile injini ikizima breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Alilisimamisha kwa gia na kwa Mungu. Likakaa dakika mbili, akaigusa swichi, likawaka kama si lenyewe.

"Fundi, toa huo uchawi wako kwenye gari," alisema.

Sylvesta akafungua boneti, akachungulia rangi. Nzima. Akachukua taa yake ya kupimia, balbu yenye waya mbili, waya mmoja akaugusisha kwenye betri upande wa hasi, wa pili akaupitisha kwenye kila waya wa umeme unaoingia kwenye kisanduku. Balbu ikawaka kila mahali.

"Gari halina ugonjwa," akasema. "Mgonjwa ni anayeliendesha."

Mara ya pili likamzimikia pale pale. Mara ya tatu likamzimikia kwenye mteremko wa kutoka geti la hifadhi kuja Karatu, akakwangua ukingo, mgeni mmoja akapasuka paji la uso. Kila mara Sylvesta alipima gari likiwa limesimama uani, na kila mara balbu iliwaka. Bolti ya ethi, ile inayoukaza waya wa nne kwenye bodi, hakuifungua hata siku moja. Ili kuifungua ilibidi aivunje rangi yake mwenyewe, na rangi ilikuwa nzima, sasa aivunje ya nini?

Baada ya yule mgeni kuumia, Bwana Eliamani aliteremka mwenyewe, akawasimamisha wote wawili uani kwetu. Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni, nikasikia neno kwa neno.

"Mmoja wenu anajua," Bwana Eliamani alisema.

"Anajua huyu," Sylvesta akajibu, na hakumwangalia Thadei. "Madereva wote wa barabara hii wanateremka wamezima swichi. Gari linashuka bure, petroli inayobaki wanaiuza Mto wa Mbu. Amezima, akashindwa kuwasha, sasa anasingizia kisanduku."

Ni kweli madereva wengi walifanya hivyo, na kila mtu Karatu alijua. Ndiyo sababu uongo ule ulikaa vizuri.

"Mimi nizime gari na wageni ndani, kwenye mteremko ule?" Thadei alisema. "Nina watoto watatu, Bwana Meneja. Sijawahi kuzima swichi hata siku moja."

"Angalia rangi," Sylvesta akasema. "Kazi yangu haijaguswa. Kama ubovu ungekuwa kwenye waya zangu, ningekuwa nimeuona."

Bwana Eliamani akainama kwenye boneti akaangalia rangi. Mtu wa suti anajua nini kuhusu rangi? Akaona nyekundu, nzima, safi. Kesho yake Thadei akafukuzwa kazi kwa wizi wa petroli, na nyumba aliyopanga ilikuwa inalipiwa na hoteli, kwa hiyo akapewa hadi mwisho wa mwezi aondoke.

Hapa ndipo nilipoingia mimi kwa miguu yangu miwili. Margareth alinikuta bombani asubuhi, foleni ya ndoo imefika barabarani, akaniomba kwa heshima kabisa, "Mama Lusia, mwombe Baba Lusia aangalie tena. Mume wangu si mwizi." Mdomo wangu hauna kufuli, sijui niliumbwaje. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi mnadani: "Mke wa mwizi atasema nini? Chapati za ngano mlizokuwa mnakula mlidhani hatuzioni?" Wanawake wakacheka. Blandina, anayeuza pombe ya mtama, yeye hakucheka. Margareth akachukua ndoo yake haijajaa, akaenda zake. Nilijisikia vizuri, nawaambia kweli. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Nafasi ya Thadei akapewa Inosenti, binamu yake Sylvesta kutoka Endabash, mtu mzima wa miaka arobaini, mzee wa kanisa, asiyejua hata kudanganya umri wake. Ni Sylvesta aliyempigia debe. Siku ya tano Inosenti akaja uani amepauka. Gari lilikuwa limemzimikia mteremko wa Manyara.

"Ulizima swichi?" Sylvesta akauliza.

"Swichi sikuigusa, kaka. Mkono ulikuwa kwenye usukani nikisali."

Sylvesta hakutema mate. Alikaa kwenye gurudumu bovu, akakaa sana, mpaka chai ikapoa. Halafu akasema kesho yake wataenda wote na gari tupu, na mimi niende nao nikashike taa, kwa sababu yeye alitaka mikono yake iwe huru na Inosenti aangalie njia. Nilikuwa na haja ya ndizi za Mto wa Mbu, nikakubali.

Asubuhi akavuta waya mbili ndefu kutoka kwenye injini hadi ndani ya gari, akanipa ile balbu niishike mapajani. Mmoja ulitoka kwenye waya wa kuleta umeme kwenye kisanduku, mwingine kwenye betri, hasi. "Ikizima, sema," akaniambia. Tukapita Rhotia, tukafika kichwani mwa mteremko, ziwa liko chini kule, Inosenti akaweka gia ndogo akaondoa mguu. Gari likaanza kutetemeka juu ya mawe. Kona ya pili injini ikafa. Kimya, matairi tu yanalia. Inosenti akapambana na breki mpaka likasimama kwenye ukingo wa udongo.

"Taa?" Sylvesta akauliza.

"Inawaka," nikasema. "Inawaka vizuri kabisa."

Umeme ulikuwepo na gari limekufa. Aliiangalia ile balbu kama inamtukana. Halafu akashuka, akafungua boneti, akauhamisha waya wa pili. Badala ya betri, akachukua pini akaichoma kwenye waya wa ethi wa kisanduku chenyewe, karibu na unapoanzia. Akamwambia Inosenti apande tena hadi juu. Hakunieleza, lakini nilikuwa nimeshaelewa, maana miaka mingi unakaa na fundi unakuwa nusu fundi. Sasa balbu ilikuwa inapita njia ile ile ya kisanduku. Ethi ikikatika, kisanduku kinalala, kinafunga petroli, na balbu yangu inazima nacho.

Tukateremka mara ya pili. Kona ya kwanza inawaka. Kona ya pili, mawe yalipoanza, ikapepesa, ikazima, na injini ikafa pamoja nayo.

"Imezima," nikasema.

Gari liliposimama balbu ikawaka tena yenyewe mapajani mwangu, na nilitamani niitupe dirishani. Sylvesta akashuka na kisu na spana. Nikashuka nikasimama nyuma yake. Aliibandua rangi yake nzima, safi, kutoka kwenye bolti ya ethi, akaifungua, akaitoa washa, akaigeuza.

Chini ilikuwa nyekundu. Ilikuwa moja ya zile washa za kopo, iliyowahi kukaa kwenye gari jingine chini ya rangi yake, akaiokota kwa haraka akaifunga bila kuikwangua, upande wa rangi ukalalia waya. Na rangi haipitishi umeme. Gari likisimama, ubavu wa bolti uligusa kidogo na kazi ikaenda. Gari likitetemeka kwenye mteremko, uliacha kugusa.

Akaikwangua kwa kisu hadi chuma kikang'aa, akakwangua na bodi, akakaza. Tukateremka hadi chini, tukapanda, tukateremka tena. Balbu haikupepesa.

"Ilikuwa nini, kaka?" Inosenti akauliza.

"Ethi ililegea."

Nikamwangalia. Hakugeuza uso. Ndizi sikununua.

Nyumbani nilifunga mlango. "Ililegea?" nikamwuliza. "Wewe Baba Lusia, ililegea yenyewe?"

"Nikisema, nani ataniletea gari tena?"

"Na Thadei nani atampa gari? Dereva mwizi wa petroli, mwaka huu wa shida, nani atampa hata toroli?"

"Dereva ni dereva," akasema. "Kama hakuiba ile, aliiba nyingine."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na yeye miaka yote anachungulia nguo za wenzake. Nilimwambia kama haendi yeye, naenda mimi na ile washa mkononi, hadi hotelini kwa miguu. Siku nzima sikumpa chakula. Asubuhi yake akavaa shati la Jumapili akaenda kwa meneja.

Bwana Eliamani alimsikiliza akiwa amesimama. Akasema asante kwa kusema, lakini nafasi ya dereva imeshajazwa na Inosenti anaendesha vizuri. Na magari ya hoteli yatapelekwa kwa fundi mwingine. Ilikwisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai yenyewe hakupewa.

Tukaenda kwa Thadei. Nilimfuata mume wangu kwa nyuma, kwa sababu nilijua akibaki peke yake atageuza njia. Walikuwa wanafunga mizigo. Godoro limeviringishwa mlangoni, sufuria ndani ya gunia. Lori la mahindi lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri kwenda Moshi. Sylvesta akasimama kwenye kizingiti akaeleza yote, washa, rangi, mteremko, na akaomba msamaha. Mara ya kwanza na ya mwisho nilipomsikia akilitumia neno hilo.

Thadei hakumkaribisha ndani. "Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Unachosema. Maneno yako nitayafanyia nini Moshi? Nikifika kuomba kazi wataniuliza nimetokaje hapa. Andika."

Margareth akaleta daftari la mtoto na kalamu. Sylvesta alikuwa mwandishi mbaya, mikono yake ilijua waya tu. Aliandika akiwa amepiga magoti, daftari juu ya lile godoro, jasho linamtoka. Thadei akasoma.

"Umeandika ethi ililegea."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Andika nani aliifunga. Andika nani aliiona rangi akasema mimi mwizi. Na jina lako lote."

Sylvesta akachana ukurasa, akaanza upya. Mara ya tatu ndipo Thadei aliporidhika. Akaukunja, akautia mfuko wa shati lile lililonyooshwa, akaufunga kifungo. Sylvesta akanyoosha mkono. Thadei akauangalia ule mkono, akainama kuendelea kufunga kamba.

Nilikuwa nimegeuka kuondoka Margareth aliponiita, kwa jina langu, si la mama wa mtu.

"Germana. Mumeo ameandika yake. Yale yako ya bombani utayaandika wapi?"

Mimi, niliyekuwa na jibu la kila mtu Karatu, nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeangalia kandambili zangu.

Asubuhi nilipokwenda bombani lori lilikuwa limeshaondoka. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wale wale. Nikasimama mahali pangu na ndoo kichwani, nikasema kwamba Thadei hakuiba petroli, kwamba kosa lilikuwa la mume wangu, na kwamba nilimtukana Mama Bertha bure. Wachache waligeuka. Wengine waliendelea kuchota.

Blandina alikuwa mbele kabisa, ndoo yake inajaa. Hakunigeukia.

"Hatukusikia huku mbele," akasema. "Siku ile tulisikia wote."

Nikaitua ndoo chini, nikaanza upya.